Muvi ina mzimu, ina na muuaji wa panga, lakini haitishi: tuongeze nini?

Swali limetoka kwa dairekta kijana wa Pangani, nalifupisha: "Shikamoo kaka. Tumeshuti muvi ya kutisha kwa hela za kuchangishana, dakika 78. Vijana watano wanakodi nyumba ya zamani kando ya mto, mle ndani kuna mzimu wa mwanamke, alafu usiku kuna mtu kavaa gunia kichwani anawaua mmoja mmoja kwa panga, mwisho ndio inajulikana yule wa gunia katumwa na mzimu. Tumeionyesha kwenye kibanda umiza, watu kama ishirini. Mzimu ukitokea wanacheka, muuaji akitokea wanashika simu zao. Tumebakiwa na laki nane na mwenye nyumba katupa siku tatu za mwisho. Tuongeze damu au tuongeze mzimu? Linki nimekutumia."

Marahaba mdogo wangu. Nimeiangalia mara mbili, ya kwanza usiku sauti ikiwa juu, ya pili mchana nimezima sauti kabisa niko na daftari, na jibu langu ni kwamba usiongeze damu wala usiongeze mzimu. Hiyo laki nane na hizo siku tatu zipeleke kwenye vitu viwili ambavyo muvi yako haina: mtazamaji hajui huyu mama anadai nini, na hajui muuaji yuko upande gani wa nyumba. Ukivipata hivyo viwili damu uliyonayo inatosha, tena nadhani utaipunguza. Ntakueleza kwa urefu maana hili jambo nimehangaika nalo sana kwenye kazi ya kuediti.

Kuna muvi ya Marekani inaitwa The Fog, ilitoka Februari 1980, dairekta John Carpenter, naomba uitafute uiangalie wewe na kameramani wako kabla hamjagusa kitu, kwa sababu yaliyokukuta wewe kwenye kibanda umiza yeye yalimkuta kwenye chumba cha kuediti. Miaka miwili nyuma, 1978, alikua ametoa Halloween kwa kama dola 300,000 hivi, ambayo kwa Marekani ni hela ya shida kabisa, ile barakoa ya muuaji ilikua ni barakoa ya dukani ya sura ya Captain Kirk, yule nahodha wa Star Trek, wakaipaka rangi nyeupe, na majani makavu ya kuonyesha msimu wa majani kupukutika yalipakwa rangi yakawa yanakusanywa na kumwagwa tena sini nyingine. Ikapiga hela nyingi mno. Sasa baada ya hapo yeye na Debra Hill, ambae ndie prodyuza na ndie aliandika nae, wakataka kutengeneza hadithi ya mizimu, mizimu ya baharini, bajeti kama dola milioni moja. Wakashuti mwaka 1979 huko pwani ya California, mnara wa taa wa Point Reyes ndio unaouona mle. Wakaunganisha. Carpenter akaiangalia akaona haifanyi kazi. Haitishi. Hadithi nzuri, picha nzuri za kameramani Dean Cundey, ukungu mzuri, lakini umekaa tu unaangalia ukungu.

Alichofanya ndio kinakuhusu. Alirudi lokesheni, akaandika sini mpya, akashuti nyingine upya, na akatengeneza muziki upya, inasemekana karibu theluthi ya muvi unayoiona leo ni vitu vya awamu ya pili, na bajeti ikafika kama milioni 1.1. Na kwenye hivyo alivyoongeza kuna pande mbili. Upande mmoja ni vitu vya muuaji, yaani mauaji yakawa ya karibu zaidi, ndoano ya kuvulia samaki unaiona inavyoingia, na mwishoni mwanamke anapanda juu ya paa la mnara wa taa na maiti wanampandia. Upande wa pili ni kitu ambacho hakina damu hata tone: sini ya kwanza kabisa, mzee amekaa ufukweni usiku na watoto wamezunguka moto, ana saa ya mfukoni, ni saa sita kasoro dakika tano usiku, anawasimulia kwamba miaka mia iliyopita meli iliona moto kama huu ikaufuata ikadhani ni taa, ikagonga mwamba, mabaharia wote wakafa, na wavuvi wanasema ukungu ukirudi wale waliokufa watainuka kuutafuta ule moto uliowapoteza. Basi. Mzee, watoto, kuni, saa. Hii sini haikuwepo kwanza! Ilipowekwa, kila ukungu unaokuja baada ya hapo una maana, kwa sababu tayari umeshaambiwa nani yumo ndani na anatafuta nini.

Hapa ndio nataka ukae utulie. Mzimu na muuaji wanatisha kwa njia mbili tofauti kabisa na ukiwachanganya bila kujua unapata kile ulichopata, vicheko upande mmoja na simu upande mwingine. Kwa mzimu mtu anajiuliza kwa nini. Kwa nini yupo hapa, kwa nini mimi, nimemkosea nini, nani alimkosea. Kwa muuaji mtu anajiuliza wapi. Yuko wapi sasa hivi, mlango wa nyuma umefungwa au haujafungwa, yule dada anaelekea upande alipo au anamkimbia. Mzimu usio na kwa nini ni mtu kajipaka poda. Muuaji asiye na wapi ni mtu anatokea tu kila anapotakiwa kutokea, na mtazamaji akishagundua kwamba atatokea popote wakati wowote anaacha kumtafuta, ndio pale anaitoa simu mfukoni.

Angalia The Fog ilivyojibu yote mawili. Kwa nini: ile meli, Elizabeth Dane, haikupotea kwa bahati mbaya, watu sita waanzilishi wa mji waliwasha moto wa uongo makusudi ili iangamie, kwa sababu mule ndani kulikua na tajiri mwenye ukoma anaitwa Blake anataka kuhamia jirani yao na watu wake wagonjwa, wakamuua wakachukua dhahabu yake wakajengea mji na kanisa. Hii unaipata kwa mafungu, nusu mzee wa moto kakupa, nusu nyingine padri anaisoma kwenye daftari la babu yake ambalo limefichuka ukutani jiwe lilipodondoka. Sita walikula njama, kwahiyo roho sita zinadaiwa. Kuanzia hapo mtazamaji anahesabu kwa vidole, wavuvi watatu kwenye boti, yule wa kituo cha hali ya hewa, bibi anaekaa na mtoto, hao watano, alafu ukungu unaondoka, watu wanashukuru, na padri peke yake anauliza mbona mimi nimeachwa. Ukishasikia hilo swali unajua. Unajua kabisa, na bado unaruka kwenye kiti.

Na wapi: mle ndani kuna mtangazaji wa redio, mwanamke, amecheza Adrienne Barbeau, studio yake iko juu kwenye mnara wa taa kwahiyo anauona mji wote, na ukungu unapoingia anautangaza hewani, uko barabara flani, unageukia mtaa flani, kaeni mbali na mtaa ule, na mwanae mwenyewe yuko kwenye nyumba ambayo ukungu unaielekea na yeye hawezi kushuka. Mdogo wangu hii kitu ni akili kubwa sana na gharama yake ni mwanamke mmoja, maikrofoni na dirisha. Sauti yake ndio ramani. Huhitaji droni wala nini, unaambiwa tu uko wapi na uende wapi, na ukungu wenyewe unatoa mwanga kwahiyo unauona unakuja, na bado unafika.

Kitu kingine cha mle ambacho nakipenda kuliko vyote, wale maiti wanabisha hodi. Wanagonga mlango kwanza. Yule wa kituo cha hali ya hewa yuko kwenye simu na mtangazaji, anasikia ngo ngo ngo, anamwambia subiri, anaenda kufungua, na sisi tumebaki na yule mwanamke upande wa pili wa simu anasikiliza. Mlango, kibisho, na sura ya mtu anaesikiliza simu, hiyo ni sini ya laki mbili hata hapa kwetu.

Sasa nije kwako.

Dakika ya 11 mzimu wako unatokea kwenye kioo, taa ya led imempiga usoni moja kwa moja, naiona poda, naiona hadi mstari wa poda ulipoishia shingoni. Watu wamecheka kwa sababu wamemuona dada wanaemfahamu kajipaka poda, na mpaka hapo hakuna mtu ndani ya muvi aliyetuambia huyu mama ni nani. Tunaambiwa dakika ya 71. Najua kwa nini umeficha, ulitaka iwe sapraizi, na mimi zamani nilifanya kosa hilohilo, niliediti muvi ya mtu mmoja ya mizimu tukaificha sababu mpaka mwisho, ilipofika mwisho hakuna aliyekua anaitaka tena. Siri ya kwa nini usiifiche yote. Toa nusu mapema, nusu ificha.

Na watu wa pwani tunaijua mizimu kuliko mtu yeyote wa California, tumekua tunaona kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mbuyu, chupa ya marashi, ubani umewashwa kwenye pango, tunajua mzimu haugombani na mtu bila sababu, una haki yake, usipopewa unaifuata. Deni. Muvi yako ilitakiwa ianze na deni na badala yake imeanza na vijana wanacheza muziki kwenye gari.

Una mtu mmoja wa dhahabu na hujamtumia, yule mzee mlinzi anaewapa funguo dakika ya 4. Sura yake ile, ile mikono, anacheza vizuri kuliko wote! Mrudishe. Siku ya kwanza mkalishe ugani usiku, kandili moja, na vijana wanne wamekaa kwenye jamvi (wa tano ntakwambia baadae alipo), awasimulie kwamba zamani hapa palikua na mwanamke mgeni, alifia nyumba hii kwa mkono wa watu, na watu wanne wakambeba usiku wakamzika bila sanda, bila dua, bila hata kijiti cha ubani, na tangu hapo ukisikia harufu ya ubani humu ndani na hakuna aliyeuwasha, ujue anawaita wale wanne. Aseme wanne. Alafu asimame aende zake. Asiseme wale wanne ni kina nani.

Vijana ni watano, deni ni la watu wanne. Huyo mtazamaji wako wa kibanda umiza ataanza kuhesabu bila wewe kumwambia ahesabu. Kwenye muvi ilivyo sasa wanakufa watatu na wawili wanapona, sawa, usibadilishe hata kimoja, kwa sababu dakika ya 9 tayari yule kijana mrefu anasema babu yake aliwahi kuishi huku. Wape na wale wengine wawili waliokufa sentensi moja moja ya namna hiyo, huna haja ya kushuti, tafuta sehemu wamegeuza mgongo kwa kamera uweke sauti juu, rekodi hata kwenye simu chini ya blanketi. Kwahiyo wamekufa wajukuu wa watatu. Asubuhi wawili waliopona, jua limewaka, wanamrudishia mzee funguo, na wa nne ni yeye mwenyewe mzee, ndie aliyewaita wale wajukuu watatu kwa bei ya bure wakaleta na rafiki zao wawili, akijua akiwatoa hao deni litafutika na yeye atasahaulika. Anafunga mlango. Anageuka. Moshi wa ubani unapita chini ya mlango alioufunga sasa hivi. Kwenye The Fog anaedaiwa mwisho alikua padri na anaijua hatia yake, wako ni mzee alietaka kulipa kwa damu ya watoto wa wenzake, kwahiyo huigi, umetoka kwenye mbegu ileile ukaota kwako.

Na huo ubani ndio ukungu wako. Nilivyokua naangalia mara ya pili bila sauti nikaona sini ya jikoni kuna chetezo kwenye rafu, mmeiweka kama pambo, nikasema hiki hapa. Moshi wa ubani unajibu kwa nini, kwa sababu ndio haki aliyonyimwa siku ya kuzikwa, na unajibu wapi, kwa sababu ukiuona unapenya chini ya mlango wa chumba cha kaskazini basi yuko chumba cha kaskazini. Muuaji wa gunia asitokee popote bila moshi kutangulia. Hata mara moja. Ukivunja hiyo sheria mara moja tu ili umshtue mtu, umeua dakika nyingine zote.

Moshi hauonekani kwenye kamera ukiumulika kwa mbele, hilo ndio kosa la vijana wengi, wanajaza chumba moshi mpaka watu wanakohoa na kwenye picha ni uchafu tu wa kijivu. Taa iweke nyuma ya moshi, ielekee kamera, ifiche nyuma ya mlango au mgongoni kwa muigizaji. Maiti wa The Fog ukiangalia vizuri ni vivuli vyeusi tu na mwanga umetoka nyuma yao, huoni sura, na ndio maana mekapu ya Rob Bottin inatosha mpaka mwisho kabisa ambapo unaoneshwa kidogo. (Bottin mwenyewe, mtu wa mekapu, ndie alivaa akawa Blake kwa sababu alikua mrefu, na Tommy Lee Wallace alikua anaediti na kupanga seti na bado akavaa nguo za mzimu, kwahiyo usione aibu kameramani wako kuvaa gunia.) Yule mama nae mtoe kwenye kioo, futa poda, mgeuze awe kivuli mlangoni na mwanga nyuma ya kanga yake, sura asioneshe hata sekunde moja. Taa moja. Hiyohiyo led uliyonayo.

Chetezo mziwashe nje zishike vizuri ndio muingize, ndoo ya maji na ya mchanga ziwe pale pale, nyumba za zamani zina boriti kavu za miaka mingi, madirisha yafunguliwe kila mkimaliza teki, na mwenye pumu asikae kwenye hizo sini kabisa. Hili nalisema kwa uzito wote.

Sasa ile ramani. Nimejaribu kuhesabu, kwenye muvi yako nyumba ina milango mingapi? Mimi sijui mpaka leo na nimeiangalia mara mbili. Dada anakimbia kushoto anatokea sebuleni, anakimbia kushoto tena anatokea uani. Shuti kipande kimoja kirefu kisichokatwa, sekunde arobaini, wanapofika mchana wana furaha, kamera inamfuata mmoja wao akitafuta chumba kizuri, kutoka mlango wa mbele unaotazama mto, ukumbini, ngazi, jikoni, mlango wa nyuma wenye komeo bovu. Muoneshe akilijaribu lile komeo lisifunge. Watu watalikumbuka komeo saa nzima baadae.

Alafu yule dada wa tano ambae hana kazi, anakaa tu na wenzie mpaka mwisho, mtoe ndani ya nyumba. Amechelewa, kivuko kimeshaacha kuvusha, kabaki ng'ambo upande wa Bweni na simu yenye chaji kidogo, anaiona nyumba kule ng'ambo na madirisha yake, na anaona taa ya kandili inahama chumba hadi chumba wakati wenzie wamemwambia wamelala. Nani yuko juu? Hakuna mtu juu. Basi kuna mtu ana taa juu. Imezimika. Imewaka chini. Huyo ndie mtangazaji wako wa mnara, anaona na hawezi kuvuka. Sini zake zote unazimaliza usiku mmoja, yeye, simu, giza, na kule ng'ambo mtu mmoja anatembea na kandili kwenye nyumba tupu ukimpigia simu umwambie ahamie dirisha lipi. Sini za zamani ambazo yumo ndani kata, nimeangalia, ni mbili tu na zote hazina maana, ile ya tatu asubuhi iache kwa sababu ndio anapofika na kivuko cha kwanza.

Mpangilio wa siku ungekua hivi kwa maoni yangu: usiku wa kwanza mzee na kandili, na papo hapo mfunge na mwisho wake mlangoni asubuhi ya kesho yake, usiku wa pili Bweni, mchana wa tatu kile kipande kirefu cha nyumba, na usiku wa tatu milango mitatu, mlango wa mbele, wa ukumbini, wa jikoni, kila mmoja hodi tatu na moshi. Hodi iwe ileile, idadi ileile. Kwenye mauaji yako matatu muuaji anatokea tu gizani, wewe tanguliza hodi na moshi mbele ya kila moja, sekunde ishirini ishirini, alafu unaunganisha na panga ulilonalo tayari.

Sauti. Muziki wako unaanza dakika ya kwanza na hauishi, na nadhani uliuweka kwa sababu sauti ya lokesheni ni mbovu, nakuelewa, lakini muziki unaomwambia mtu ogopa muda wote unamzoesha. Ondoa wote. Kila chumba rekodi ukimya wake dakika mbili, watu wote wametoka, feni imezimwa, utapata popo, mto, mbao zinavyolia, hivyo ndivyo utajazia mashimo. Mwisho wa Halloween, baada ya muuaji kupigwa risasi akaanguka kutoka juu na mwili usionekane, Carpenter anaonesha tu vile vyumba na ngazi na nje ya nyumba, vitupu, moja baada ya nyingine, na pumzi ya yule mtu inasikika juu yake. Muvi ya kisu kutoka mwanzo, na dakika ya mwisho imegeuka ya mzimu kwa vyumba vitupu na pumzi tu. Unaweza kufanya hivyo na ubani badala ya pumzi, vyumba vyote vitupu asubuhi na kila kimoja kina moshi mwembamba.

Kuhusu damu, sababu halisi ya mimi kukukataza ni muda. Kila teki yenye damu inataka nguo nyingine, kufuta ukuta, kumuosha mtu, na teki ya pili haifanani na ya kwanza, utapoteza nusu usiku kwa sekunde tatu. Ukihitaji kidogo chemsha sukari iwe shira nzito, rangi nyekundu ya chakula, na unga wa kakao kijiko kimoja kwa kila kikombe kwa sababu ile uliyotumia imekua ya waridi kama juisi ya rozela, damu ni nyeusi zaidi ya watu wanavyofikiri hasa usiku. Jaribu kwanza kwenye kitambaa mbele ya kamera yenyewe sio kwa macho.

Kama una hamu ya kitu kimoja cha kustaajabisha, kwenye A Nightmare on Elm Street ya Wes Craven, 1984, ambayo nayo ni mzimu na muuaji kwa mtu mmoja na bajeti yake ilikua kama milioni 1.1 tu, kuna sini sura inajitokeza ukutani juu ya kitanda cha msichana aliyelala, ukuta unavutika kama ngozi. Ule ukuta ni kitambaa cha kuvutika cha spandeksi kimepakwa rangi ya ukuta na mtu yuko nyuma anasukuma. Mita tatu Kariakoo au hata Tanga mjini. Lakini fanya kama tu usiku wa tatu umebakiza saa mbili, ukikosa muda acha.

Panga. Nimeona kwenye dakika ya 52 kwamba lile ni panga la kweli, naliona linavyogonga ukuta na chokaa linatoka. Mdogo wangu hapana. Chonga la mbao, lipake rangi ya silva, makali yapige msasa mng'ao upungue, sauti ya chuma utaweka baadae. Mtu kavaa gunia haoni vizuri, usiku, sakafu ina shira inateleza, hapo ndio watu wanaumia. Na nenda serikali ya mtaa siku mbili kabla uwaeleze, mmoja wao awepo akiweza, majirani wa pande zote wajue, maana mtu mwenye gunia kichwani na panga mkononi saa nane usiku, na mwanamke anapiga kelele, watu watatoka na marungu hawatauliza kama kuna kamera. Upande wa Bweni pia, toa taarifa kwa mlinzi wa kivuko.

Hela: mzee mlipe vizuri, ndie muvi yako. Mafuta ya jenereta, chakula cha usiku watu washibe, nauli, ubani kilo moja. Kandili mbili endapo moja itavunjika. Nikipiga hesabu huku haifiki laki nane.

Anza na usiku wa mzee. Ukishamaliza hiyo sini niunganishie peke yake, bila muziki, bila kurekebisha rangi, nitumie nione anavyolitamka hilo neno "wanne" kabla hujavuka kwenda Bweni.